Ndeonasia na Masale Yaliyohama

Wewe unayekunja pua kabla sijaanza, kaa vizuri au toka. Redio ikikwambia kesho mvua itanyesha unaanua nguo, na anayesema humjui hata sura. Basi leo niamini mimi unayenijua.

Waliotutangulia katika imani wamesimulia kwamba zamani, injili ilipokuwa bado ngeni kule mlimani Uchagga, aliishi mjane mcha Mungu jina lake Ndeonasia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alibatizwa yeye na binti yake Anasia. Jirani yake wa chini, mzee Lyakurwa, ndiye aliyekuwa mkubwa wa mfereji, na kwa ajili ya ubatizo huo akamnyima zamu ya maji.

"Mwombe Yesu wako akunyeshee," alimwambia.

Masika ikaja, mvua ikapiga mpaka mlima ukalegea. Asubuhi moja ardhi ikateremka. Ndeonasia na bintiye walipona kwa kuwa walikuwa wamekwenda kumkatia mbuzi majani. Nyumba ilifunikwa, migomba ilifunikwa, na mbuzi mwenyewe akafunikwa. Watu, Lyakurwa akiwa mbele yao, wakasema, "Si alimwomba? Tazameni alivyonyeshewa."

Kihamba kimoja tu, yaani shamba la migomba la nyumbani, kilisalia upande ule: cha Lyakurwa, migomba imesimama na mikungu imekomaa. Lakini masale yalikuwa yamehama. Nyinyi msiotoka mlimani, isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa mpakani, na aliyeung'oa, ilisemwa, hauoni mwezi mwingine ukiandama. Tope lilikuwa limeibeba safu yote iliyotenganisha vihamba vile viwili, likapita pembeni mwa migomba ya Lyakurwa, likaitua chini yake, wima kama iliyopandwa kwa mkono. Kwa hiyo migomba yote sasa ilikuwa upande wa Ndeonasia.

Kila mtu alijua ni ya nani. Lakini mpaka ni masale, na nani angeyagusa? Lyakurwa, pamoja na mdomo wake wote, alisimama na panga mkononi asithubutu kukata mkungu alioupanda mwenyewe. Hata waumini wenzake Ndeonasia walimnong'oneza, "Huu ni muujiza, dada. Alikunyima maji, Bwana amekupa ndizi."

Anasia alikuwa hajatia kitu tumboni ila mboga za mnafu za kuchemsha. "Mama, tukate mmoja tu."

"Mmoja wa nani?"

"Wetu. Masale yamesema."

"Masale hayajasema. Tope ndilo limesema, na tope halijabatizwa."

Msidhani hakuogopa. Ubatizo wake ulikuwa wa juzi, na hofu ile aliinyonya kwa mama yake. Alipiga magoti kwenye matope akasali, "Bwana, nikifa, mtoto ni wako. Nisipokufa, sifa ni zako." Kisha akamwendea Lyakurwa.

"Mzee, niazime jembe. Langu limefukiwa."

"La nini?"

"Nirudishe mpaka wako."

"Utakufa, mwanamke!"

"Nikifa, jembe lako utalichukua. Lete."

Akayang'oa masale yote, akayapandisha begani kwa safari nyingi, akayapanda tena kando ya mwamba wa mpakani, yalipokuwa tangu enzi za mababu. Watu walimtazama kwa mbali, wanawake wamejiziba macho. Alipomaliza akaosha jembe, akalirudisha.

Hapo ndipo subira yake ilipojaribiwa. Mama na mtoto walikaa kwenye kibanda cha nyasi kilichokuwa kanisa, wakala mnafu. Lyakurwa alikata ndizi zake, lakini hakuwapelekea hata kidole. Wala haikuwa roho mbaya: aliogopa kulisha maiti. Kila asubuhi watu walichungulia kama moshi unafuka pale kibandani. Ukafuka. Mwezi ukapungua, ukafa, na jioni moja ukaandama mwembamba juu ya tambarare. Ndeonasia akatoka nje, akapiga vigelegele mlima mzima ukasikia.

Kulipokucha Lyakurwa alikuja, jani la isale mkononi, kama ilivyo desturi ya mtu anayeomba msamaha kule. Nyuma yake wake zake walikuwa wamejitwika mikungu.

"Mama Anasia, nilikunyima maji."

"Ulininyima."

"Nikasema Mungu wako ndiye aliyetuangushia mlima."

"Ulisema."

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza watue hao mizigo, wasivunjike shingo. Halafu njoo tufukue kihamba changu."

Akalipokea lile jani. Mtaa wote ukaja na majembe, wakafukua wakiimba, na zamu ya kwanza ya mfereji akapewa yeye. Jumapili kibanda kilijaa hadi wanaume wakasimama nje kwenye matope. Lyakurwa alikaa mbele kabisa, akasema hakuja kusali, amekuja tu kumwona huyo aliye na nguvu kuliko masale. Baadaye alibatizwa, na hadi alipofariki hakuna aliyemzidi kwa sauti katika nyimbo, ingawa wengi walimzidi kwa kuimba.

Msiniulize kwa nini Mungu aliuacha mlima uanguke. Sijui, na Ndeonasia naye hakuambiwa. Alichojua, akiwa na njaa, ni kwamba ndizi zile si zake, na hilo lilimtosha kusimama nalo.

Na wewe wa pua, naona umeikunjua. Kuna kigingi cha uzio huko kwenu ambacho kimehama, wala hakikuhamishwa na tope, na mwenye kiwanja amekaa nyuma yako. Mimi natoka, na mlango naufunga, mpate kutazamana.