Jina Lililoachwa Ziwani

Hapo zamani, enzi ambazo mtoto wa mlimani hakuogeshwa kwa maji ya bondeni, Atupele alijifungua binti. Desturi ilisema: maji ya kwanza yatoke ziwa la kileleni, na anayeyaleta ndiye ampaye mtoto jina. Ilisema pia: ukifika ziwani, usimwite mtu. Jina litakaloitwa pale litabaki pale, na ukoo hautalitumia tena.

Wakapanda ndugu zake watatu, Gwakisa, Subilaga na Ambakisye, jua likiwaka. Subilaga alitembea akimkumbuka marehemu mama yao, Sekela, aliyewapitisha njia hiyo wakiwa wadogo, akiwagawia viazi vya moto kutoka kwenye upindo wa kanga. Binti ataitwa Sekela, aliwaza, na jina hilo litasikika tena uani jioni.

“Mimi nitamwita Rozimeri,” alisema Ambakisye.

“Yule muuza maandazi aliyekukataa?” Gwakisa akamuuliza. “Mimi nitampa jina la shangazi yetu.”

Wakacheka. Walipofika kwenye mianzi, mvua ikanyesha. Jua likatoka. Mvua ikarudi na mawe ya barafu, ikafuta njia. Gwakisa akapapasa mashina, akitafuta alama za panga la baba yao, shina kwa shina, hadi akawafikisha juu ya ziwa.

Ambakisye akateremka gengeni na kibuyu, akachota. Ndipo ukungu ukashuka, ukafunika ziwa na mtu wake. Wakasikia mawe yakiporomoka upande wa korongo: Ambakisye alikuwa amepotea njia. Gwakisa akapiga mluzi, upepo ukaumeza.

Subilaga akafungua kinywa. Amwite ndugu aliye hai, jina lake libaki majini? Hakuweza. Akaita jina ambalo mwenye nalo hangeweza kudhurika tena.

“Sekela! Sekelaa!”

Ambakisye akaifuata sauti, akatokea, kibuyu kifuani. Walishuka, na kila walipopita, Subilaga aliona mahali mama alipokuwa akiwapumzisha.

Nyumbani Atupele aliuliza, “Nani kaleta maji?”

“Mimi,” alisema Gwakisa. “Bila mimi wangekuwa bado wanazunguka kwenye mianzi.”

“Mimi,” alisema Ambakisye. “Nimeyachota, nimeyabeba, nusura nife nayo.”

“Mimi,” alisema Subilaga. “Bila sauti yangu, kibuyu na mbebaji wangekuwa korongoni. Na nimelipa kwa jina nililolitaka kuliko yote.”

“Ukavunja desturi,” alisema Gwakisa. “Mvunja desturi hatoi jina.”

“Kaka, mluzi wako ulimwokoa nani?” Ambakisye akamuuliza. Lakini yeye naye hakuliachia dai lake.

Atupele, maji yakiwa yameshapashwa moto, akamfungua mtoto nguo. “Maji yanapoa,” alisema. “Semeni.”

Nanyi mnaosikiliza, mtoto yu uchi mikononi mwa mama yake, anasubiri kuitwa. Je, nani alistahili kumpa jina?