Kazi ya Sidonie katika Kompyuta ya Fundi Achille

Kuuliza si ujinga. Maana yake ni kwamba anayeuliza asilolijua hapungukiwi heshima. Anayejitia kujua ndiye huumbuka, na mara nyingi huumbuka na hasara ya mwenzake mikononi.

Achille alikuwa na ofisi ya kuchapisha maandishi mjini Uvira. Ndani ya kompyuta yake mlikuwa na TFC, kazi ya kumaliza masomo, ya Sidonie, mwanafunzi kutoka Sange: kurasa sitini kuhusu kilimo cha mpunga, alizozichapa humo mwaka mzima. Angeitetea mbele ya walimu Jumatatu. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Ijumaa asubuhi umeme ulikatika, ukarudi. Kompyuta ikawaka, lakini ikaandika kwenye skrini nyeusi kwamba haioni pa kuanzia.

"Disque imekufa, ile inayotunza kazi zote," Achille akatangaza.

"Papa Achille, tumuite Noella kwanza, yule fundi wa jirani," Sidonie akaomba. "Iko anajua mambo ya BIOS, ile mipango inayoamsha machine."

"Noella ni minye nilimufundisha kushika souris, kipanya cha kompyuta. Leo nimuulize yeye? Weye tulia."

Hakuuliza, bwana mkubwa. Akachomeka flash, akafuta kila kitu, akaweka mfumo mpya. Mashine ikaamka. Sidonie akaitafuta kazi yake, akaitafuta tena. Haikuwamo.

Achille hajamaliza kusema pole, umeme ukakatika tena. Uliporudi, maneno yaleyale yakatokea kwenye skrini ileile nyeusi. Sidonie akatoka mbio kumwita Noella.

Noella akabonyeza kitufe kimoja, akaingia kwenye BIOS, akasoma taratibu. Tarehe ilionyesha mwaka 2009.

"Fundi, ni pile, betri ndogo ya ndani, imeisha," akasema. "Umeme ukikatika, BIOS inasahau tarehe na mipango. Inatafuta pa kuanzia kwenye waya wa mtandao, disque inaiacha. Mfumo mpya ulipowekwa ulijiandikisha humo, ndiyo maana ikaamka; umeme ukakatika, ikasahau tena."

Akaitanguliza disque, akahifadhi mpangilio. Mashine ikaamka palepale.

"Basi ile asubuhi," Sidonie akauliza kwa sauti ndogo, "TFC yangu ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa mu disque, dada. Nzima."

Achille akakaa sakafuni mbele ya wanawake wale wawili. Swali moja tu lilimshinda kuuliza, na sasa mwaka mzima wa binti wa watu umefutika kwa mkono wake. Wahenga hawakukosea: kuuliza si ujinga.