Ufuta wa Siku Arubaini

Niwieni radhi kabla sijaanza, maana nikishaanza sitakuwa na adabu ya kuomba. Hadithi hii naisimulia vibaya. Nacheka kabla ya pahala pa kucheka, na ngamia nikimwigiza hufanana na mjomba wangu. Wapo wanne wanaoijua kunizidi, lakini ikifika mwisho wake hawasemezani. Basi mmebaki na mimi. Jina langu msiniulize, tutalifikia. Anayetafuna kashata atafune upande mmoja, sikio la upande wa pili linisikilize.

Hapo zamani, si zamani ya majini na masultani, zamani ya juzijuzi tu, kinu cha ngamia cha kukamulia mafuta kilipokuwa bado kinalia, palikuwa na mji wa Mwambweni, na mji huo uliishi kwa ufuta. Mwanamke akijifungua, uji wa ufuta. Mzee akiumwa magoti, uto, ndiyo mafuta ya ufuta. Ngozi ikipauka, ufuta. Mchicha ukikosa ladha, ufuta. Mtoto akilia bila sababu alipewa kashata ya ufuta, akapata sababu ya kunyamaza.

Lakini ufuta una kiburi. Ukikomaa usipovunwa siku yake, maganda hupasuka, mbegu humwagika chini, na huziokoti hata uwe na macho manane. Mwaka huo maganda yalikauka wakati mji mzima umekwenda harusini, harusi ya siku tatu. Waliporudi na pilau lao tumboni, mashamba yameshapasuka, na njiwa wamenenepa hata kuruka hawawezi.

Mtu mmoja tu alivuna: Vuai, kapera mkavu asiyependa harusi. Alikata, akafunga matita, akayasimamisha yakauke, akayapindua juu ya jamvi, akayapigapiga. Akapata mtungi mmoja wa mbegu. Usiku alilala ameukumbatia.

Mwezi huohuo Mize, mke wa Haji, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto mzima, sauti ya mpiga mbiu. Mama ndiye aliyebaki hana nguvu. Aliiambia miguu isimame, ikamtazama. Mkunga, Bi Nunuu, akamwita Haji pembeni.

"Damu imekwenda nyingi. Huyu anataka ufuta. Asubuhi uji wake, jioni uto wa kumkanda, mpaka arubaini. Akikosa, baba, sikudanganyi: utalea peke yako."

Haji akatoka barazani akaapa mbele ya watu, na mwenye hofu huapa kwa sauti: "Atakayemsimamisha mke wangu siku ya arubaini, ndiye atakayempa mwanangu jina!"

Kisha huyo, mbio kwa Vuai.

"Vuai ndugu yangu, nigawie ufuta."

"Kwani harusini hamkupewa?"

"Vuai, mke wangu."

"Mlinicheka. Wewe ulisema nimefunga ndoa na jembe."

"Nilisema."

"Hii ni mbegu, Haji. Ikiliwa, mwakani nipande nini? Vicheko vyenu?"

Haji alikaa chini pale mlangoni. Siku ya kwanza Vuai alimwacha. Siku ya pili alimruka akenda kisimani. Siku ya tatu alimsikia mtoto analia nyumba ya pili, na sauti ya Mize inambembeleza, nyembamba kama uzi. Akautoa mtungi.

"Chukua. Na usiniambie ahsante, nitaghairi."

Nusu ikakaangwa, ikatwangwa, ikawa uji. Nusu ikapelekwa kwa Makame, mwenye kinu. Kinu kikubwa, mbegu kila siku kiganja. Ilibidi kizunguke sana ndipo kidondoshe tone. Ngamia wa Makame aliitwa Safari, na hakuwahi kwenda popote. Alizungusha kinu amefungwa kidoto, kile kitambaa cha machoni, ili asijue kwamba anazunguka.

Siku ya kumi Haji alikuwa amekaa anasubiri uto wake. Akamtazama yule mnyama, huruma ikamshika. "Maskini, anatembea hajui aendako." Akamfungua kidoto.

Ngamia akatazama. Akaona ukuta. Akaona kinu. Akaona mavi yake ya asubuhi. Akaona kwamba miaka kumi na miwili amefika hapohapo. Akapiga magoti, akakaa. Hainuki kwa fimbo, hainuki kwa mashudu ya ufuta, hainuki kwa dua.

Makame akaja mbio. "Nani kamfungua?"

"Nilimhurumia."

"Na mkeo utamhurumia lini? Ingia wewe, uvute!"

Haji akaingia. Akazunguka mara tatu, kizunguzungu kikamshika, akatapika.

"Toka, toka! Utanichafulia uto!"

Makame akatia kamba begani mwake mwenyewe. Akazunguka, na kichwa kikazunguka naye. Ndipo akaokota kile kidoto, akajifunga machoni. Akatulia. "Sasa nimeelewa," akasema, akavuta.

Siku thelathini alivuta. Kila alasiri alitangaza alikofika. "Leo nimeingia Pangani!" "Leo Kilwa, na jua lao!" Safari kakaa kivulini anatafuna mashudu, anamtazama bwana wake kama mtu anayesindikiza mgeni.

Haya, uto upo. Nani wa kukanda? Bi Nunuu mikono yake imezeeka. Akaja Kazija, dada yake Haji, wifi yake Mize. Wawili hawa walikuwa hawasemezani mwaka mzima, sababu ya ungo ulioazimwa ukarudi umetoboka. Kazija hakupiga hodi. Akapasha uto, akashika mguu.

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu. Usidhani nimesahau ungo."

"Ulitoboka wenyewe."

"Ungo haujitoboi, wifi. Nyoosha mguu."

"Unaniumiza, Kazija!"

"Ahaa! Unasikia! Jana hukusikia."

Akaacha biashara yake ya maandazi. Kila jioni alikanda, kila jioni waligombana, na kila jioni kidole kimoja zaidi kilicheza.

Na Mize je? Watu wakishaondoka, alijiburuta mpaka kwenye mwimo wa mlango. Siku ya kumi na tano akasimama kwa pumzi moja, akaanguka. Akajiambia, "Kesho pumzi mbili." Kesho yake akaanguka hata moja haijatimia. Akajiambia, "Basi keshokutwa tatu." Uji ulipomkinaisha aliunywa amefumba macho, bakuli likabaki jeupe. Hakumwambia mtu.

Siku ya arubaini baraza ilijaa mpaka njiani. Mlango ukafunguka. Mize akatoka kwa miguu yake, mtoto kifuani. Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Ya tatu akayumba, mikono ishirini ikanyooka kumdaka.

"Asinishike mtu!"

Wakarudi nyuma wote. Akavuka njia, akafika mpaka kwenye kinu, akaketi juu ya gogo. Vigelegele vikapasua anga, na ngamia naye akageuza shingo kuangalia.

Vigelegele vikaisha. Ugomvi ukaanza.

Akasimama Vuai. "Mbegu nimetoa mimi. Mtungi mtupu, shamba tupu. Sina mke, sina mtoto, mwakani sina ufuta. Mbegu zangu zote mmezila, hii moja nipeni. Aitwe Vuai."

"Ulimkalisha mlangoni siku tatu," akasema Bi Nunuu.

"Nilitoa siku ya tatu. Nani wenu alitoa ya kwanza?"

Akasimama Makame, bega limechubuka. "Ufuta usiokamuliwa ni chakula cha njiwa, waulizeni njiwa. Nimetembea mpaka Maskati nikarudi kwa ajili ya miguu ya huyu bibi. Aitwe Safari."

"Jina la ngamia?"

"Ngamia kaacha kazi. Kazi nimeirithi mimi, na jina nimelirithi."

Akasimama Kazija, mikono inang'aa mpaka viwikoni. "Uto kwenye chupa haumsimamishi mtu. Ni mikono hii. Aitwe Mwinyikombo, jina la marehemu baba yetu."

Watu wakaguna. Kule Mwambweni mke hathubutu kulitamka jina la baba mkwe wake. Mize asingeweza kumwita mwanawe maisha.

"Atamwitaje, Kazija?"

"Atampigia makofi."

"Mambo ya ungo hayo!"

"Ungo tumeshasameheana. Hili ni la nyongeza."

Mize akacheka mpaka mtoto akaamka. Kisha akasimama tena, na safari hii hakuyumba.

"Vuai amenipa, Makame amenikamulia, wifi amenikanda. Mungu awalipe. Lakini mtungi haukusimama, kinu hakikusimama, na ngamia ndiyo kabisa. Aliyeanguka kila usiku kwenye mwimo wa mlango ule, akainuka, ni nani? Haji hakusema atakayesaidia. Alisema atakayemsimamisha. Nimejisimamisha mwenyewe. Jina la mwanangu ninalo kifuani. Nipeni haki yangu ndipo mlisikie."

Haji akashika kichwa. "Niliapa kwa mtu mmoja," akasema, "mbona mmekuja wanne?"

Sasa nawauliza nyinyi mliokaa hapo na vidole vinanata. Bila mtungi wa Vuai, Makame angekamua nini? Bila bega la Makame, Kazija angekandia nini? Bila mikono ya Kazija, miguu ingetoka wapi? Na bila moyo wa Mize, si wangekuwa wameukanda mkeka tu? Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?

Semeni! Semeni kwa sauti, jibu nalihitaji kuliko mnavyodhani. Maana siku ile Haji, kwa kuogopa kiapo chake, alikata shauri hivi: "Mtoto akipata akili ataamua mwenyewe." Na mtoto huyo ndiye mimi. Mlidhani hilo Nanihii mnaloniita ni jina la jukwaani?

Akili nilipata, wabishi nyamazeni. Lakini tangu niipate, kila Ijumaa Mzee Vuai hunijia na ufuta wa kukaanga. Alipata mbegu nyingine ng'ambo, msimwonee huruma kupita kiasi. Mzee Makame huleta chupa ya uto. Shangazi Kazija huleta kashata. Mama huleta bakuli la uji, na jina lake bado liko kifuani. Kila mmoja ananikonyeza. Nikitaja mmoja leo, Ijumaa ijayo sahani tatu haziji.

Basi mwenye kosa msimtafute kwa Vuai wala kwa shangazi. Wanne wamezeeka wakingoja hukumu, na hakimu anatafuna. Ana miaka hamsini na tatu, hana jina, na magoti yake hayajawahi kumuuma hata siku moja.