Kitabu cha Milango ya Nakshi

Shaame, afisa wa mambo ya kale, aliingia kwenye kibanda cha vitabu vikuukuu cha Bi Mize, akang'ang'ania kitabu adimu cha milango ya nakshi.

“Nipe hiki bure, la sivyo kesho kibanda kinabomolewa.”

“Chukua, bwana mkubwa. Ila nijazie ile fomu yenu ya kuthibitisha vitu vya kale, watu wasije wakasema nimekuhonga.”

Shaame akacheka, akaandika: “Kitu cha kale, kimekutwa kibandani kwa Bi Mize.” Akagonga muhuri kwa mbwembwe.

Bi Mize akavaa miwani, akaigeuza fomu.

“Hivi huku nyuma huwa mnasoma? ‘Kitu kilichothibitishwa kuwa cha kale hakiondolewi kilipokutwa, wala mahali hapo hapabomolewi, bila idhini ya waziri.’ Kirudishe rafuni, mwanangu. Taratibu, hiyo mali ya taifa.”