Kobe Aliyekataa Papai

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa ya walioshiba au ya wenye njaa? Ya walioshiba. Haya, sogeeni, na wewe wa mlangoni acha kwanza kutafuna, maana leo nasimulia habari za aliyekataa kula.

Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa bado wanasema na watu, palikuwa na mjane jina lake Bi Mize. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na nyumba yenye sakafu ya chokaa, kaisugua mpaka sindano ikianguka unaiona. Siku moja ya mvua, kobe jike akajiingilia mwenyewe, taratibu, mpaka ndani. Bi Mize alifurahi mno. Akasema huyu kaletwa na Mungu, akampa jina la Mgeni.

Basi akamkirimu. Akamtandikia mkeka mpya chumba cha ndani, penye kivuli na baridi, na mlango akaufunga, maana mgeni wa heshima hatolewi uani akachakure na kuku. Mgeni akala, akanenepa. Bibi akisuka ukili, kobe humsikiliza. Upweke ukamtoka Bi Mize kabisa.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Bi Mize akapeleka mchicha, kobe akageuza shingo.

"Ahsante, bibi. Chakula ni kizuri, ila tumbo halina nafasi."

Siku ya pili akamenya tango. "Ahsante, bibi. Chakula ni kizuri, ila tumbo halina nafasi."

Siku ya tatu akapasua papai bivu, lile alilokuwa akilichungulia mtini wiki nzima. "Ahsante, bibi. Chakula ni kizuri, ila tumbo halina nafasi." Na huku miguu yake ya nyuma inakwaruza mkeka, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka ukatoboka. Bi Mize akadhani mkeka ni mwembamba, akaongeza wa pili juu yake.

Majirani hao, wakaja na maneno yao. Wa kwanza akasema hiyo ni kisebusebu na kiroho papo, ashindishwe njaa atakula. Akashindishwa njaa, hakula. Wa pili akasema ni kijicho cha watu, afukizwe ubani. Akafukizwa, akapiga chafya, hakula. Wa tatu akasema huyu kazeeka, achimbiwe kaburi mapema. Huyo wa tatu Bi Mize alimfungulia mlango, akamwonyesha njia ya kwao.

Kisha akakaa chini akalia. Alimpenda yule kobe, na aliona akimkosa atabaki kuzungumza na kuta.

Kwa hasira zile alisahau kufunga mlango. Akaingia kuku mmoja kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, wa jirani, asiyejua kubisha hodi wala kunyamaza. Akamtazama kobe mbele, akamtazama nyuma.

"Bi Mize, huyu yuko kwako tangu lini?"

"Miezi miwili."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hujampa?"

Bi Mize akakasirika. Mgeni wake alime, watu watasemaje? Lakini kuku hakuondoka.

"Itazame miguu yake ya nyuma. Mimi nikikaribia kutaga, hata punje ya mtama haipiti. Mwenzangu ana mayai, nawe umemfungia juu ya chokaa. Achimbe wapi?"

Bi Mize akapiga magoti mkekani. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Bibi," kobe akasema, "mgeni atamwambiaje mwenyeji wake kuwa sakafu yake ni ngumu?"

Bi Mize akainuka. Alitwaa jembe, akatoka uani penye jua, akaulainisha udongo kwa mikono yake mwenyewe. Kobe akafuata. Akaota jua kwanza, damu ikachemka, kisha akachimba kwa miguu ya nyuma, akataga mayai saba meupe, akayafukia, akaupigapiga udongo ukalala sawa. Ndipo akageuka.

"Bibi, lile papai bado lipo?"

Akala papai. Akala tango. Akala mchicha. Akamalizia na ncha ya mkeka, na Bi Mize akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Tangu siku hiyo mlango wa uani haukufungwa tena mchana. Na lile jina la Mgeni Bi Mize akaliacha. Alimwita Mwenyeji.

Mafunzo yake ndiyo haya: aliyekataa chakula usimwongezee sahani, tazama kwanza anakosa nini. Na ukimpenda mtu, usimfanye mgeni siku zote.

Yule kuku naye alilipwa wema wake, hakupikwa pilau mpaka sikukuu ilipofika.

Hadithi nimeifukia hapo uani, mwenye kuitaka akaifukue. Na wewe wa mlangoni, sasa tafuna.