Amani Aliyoitoa Mchota Maji

Inasimuliwa kwamba katika zama zilizopita palikuwa na jemadari aitwaye Dhirari bin Hamidi, aliyeiteka ngome ya Samra. Watu wakampenda kwa ushindi ule hata wakamfanya Amiri wao. Nchi wakati huo ilikuwa imegawanyika: wenye mashamba wakitaka watumwa zaidi, na wacha Mungu wakisema waachwe huru. Kila upande ulidai kwamba Amiri ni wao. Naye, akiwa na watumwa arubaini shambani kwake, alinyamaza. Kunyamaza ni rahisi mtu anaposhiba.

Siku moja, miaka kadhaa baada ya vita, mwanamke aitwaye Wardi, mateka wa Samra aliyeuzwa utumwani, alimshitaki Amiri kwa Kadhi.

"Maulana Kadhi," alisema, "sisi tulifungua lango kwa kuwa tulipewa amani, ahadi ya kutouawa wala kutekwa. Kisha jeshi likatuvamia, tukauzwa. Hatukutekwa kwa haki."

"Nani aliyewapa amani?"

"Rihani, mchota maji wa jeshi. Alisema anakwenda kumwarifu jemadari."

Waziri wa Amiri akacheka. "Rihani alikuwa mtumwa! Tena amekwisha kufa."

"Amani ya Mwislamu mnyonge humfunga aliye mkubwa," Kadhi akajibu. "Lakini bibi huyu hana shahidi. Basi Amiri aape kwamba habari hiyo haikumfikia, na shauri limekwisha."

Dhirari akiapa, atabaki shujaa na Amiri. Akikiri, mateka wote wa Samra ni huru, na wenye mashamba hawatamwacha kitini hata juma moja. Waziri akamnong'oneza, "Apa tu, Bwana. Neno moja."

Amiri akanyoosha mkono kuuelekea msahafu, kisha akaurudisha. Machozi yakamtoka.

"Ilinifikia," akasema. "Rihani alinijia mbio, kiriba cha maji begani, na lango limekwisha funguliwa. Nikamwambia, 'Tangu lini mtumwa akamwamuru jemadari kurudisha upanga?' Ule haukuwa ushindi."

Kadhi akahukumu mateka wote wa Samra waachwe huru. Amiri akawaacha huru pia wale watumwa arubaini wa shambani kwake. Wenye mashamba walitii hukumu kwa kununa, lakini kabla ya Ijumaa walikuwa wamemwondoa kitini, naye hakuteta.

Wardi alimkuta Dhirari mlangoni akitoka. "Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa kusema kweli," akamwambia. "Na wanangu wawili waliouawa pale langoni, nao nikawadai kwa nani?"



Ndugu zangu, mlango wa toba u wazi, na kusema kweli baada ya miaka ni bora kuliko kufa nayo kifuani. Lakini kweli iliyochelewa huwafungua waliobaki hai tu. Mwenye neno la haki leo, na aliseme leo.