Keria Nyepesi

Mtu mmoja alikuwa na baiskeli na mke, na vyote viwili vilikuwa vizuri kuliko alivyostahili. Jina lake Kadogosa. Baiskeli ilikuwa nyeusi, nzito, ya chuma cha zamani, na mwenyewe alijigamba kwamba akipiga kengele hata ng'ombe hujipanga mstari kumpisha. Mke aliitwa Nyamizi. Huyo hakuwa na kengele, ndiyo maana hakusikika.

Pale senta palikuwa na duka la fotokopi, na ndani yake kompyuta moja yenye mtandao. Mwenye duka, dada mmoja aitwaye Sikitu, alimfungulia Kadogosa siku moja mchezo mfupi, usiozidi muda wa kumaliza kikombe cha chai. Mwanamume anaendesha baiskeli. Nyuma amempakia mwanamke aliyekaa upande, kikapu magotini. Mbele yao kuna magogo yanayobembea, misumeno inayozunguka, mashimo yasiyo na mwisho, na huko mbali bendera ya dhahabu. Ukianguka, kichwa kinabingirika huku, miguu kule. Unabonyeza kitufe, na tazama, mtu mzima tena, baiskeli nzima, anga lilelile la bluu, kama vile kufa ni kupiga chafya.

Mwanamke yule alianguka kwenye gogo la kwanza. Kila mara. Mwanzoni Kadogosa alikuwa akirudi kuanza upya kwa ajili yake. Alirudi mpaka vidole vikaota sugu. Kisha siku moja, kwa kuchoka tu, hakurudi. Akasonga mbele peke yake, akaona ajabu: baiskeli ilikuwa nyepesi, inaruka misumeno kama unyoya. Akagusa bendera. Tarumbeta zikalia, nyota zikamwagika kioo kizima.

"Kaka, mbona umemwacha mama wa watu njiani?" Sikitu akauliza.

"Bendera haijamuulizia," Kadogosa akajibu, na duka zima likacheka.

Tangu hapo hakuwa na mpinzani. Alicheza hadi njia ile ikahamia kichwani mwake: akila, kijiko kinaruka magogo, akilala, godoro linateremka mlima. Nyamizi akimsemesha, yeye anaona mdomo tu, unafunguka na kufumbika kama wa samaki. Mwanamke akazungumza na ukuta masika yote. Kisha akafunga nguo zake kwenye kitenge, akarudi kwa baba yake.

Kumfuata mke ukweni si mchezo. Kadogosa alikwenda, akakalishwa kwenye kigoda kifupi, akasemwa mpaka masikio yakapata joto. Mwishowe mkwe wake akamkabidhi binti kwa maneno machache: "Mfikishe. Akirudi hapa mara ya pili, wewe usije."

Wakaondoka. Nyamizi alikaa upande kwenye keria, bunda lake magotini. Mvua zilikuwa zimejaza majaruba ya mpunga na anga lote lilikuwa limeshuka majini, hata juu ya tuta lile jembamba baiskeli ikawa kama inapita katikati ya mawingu. Ndege weupe, yangeyange, walisimama juu ya vivuli vyao. Hapakuwa na upepo, wala sauti yoyote ila mnyororo. Kadogosa akahisi usingizi mtamu ukimwingia naye macho yako wazi. Tuta likawa njia ile. Mbele, juu ya mfereji, yalilala magogo mawili ya mti wa mvumo, ndiyo daraja.

"Nishushe," Nyamizi akasema. "Nitavuka kwa miguu."

Alisikia. Asije mtu akawadanganya kwamba hakusikia. Lakini sauti ilimfikia kutoka mbali, kutoka nyuma ya kioo, na miguu ilikuwa tayari inakanyaga. Baiskeli ilipopunguza mwendo kupanda gogo, mwanamke akajitelezesha chini. Keria ikawa nyepesi ghafla, na Kadogosa akadhani ni ufundi wake.

Basi hapo alipita, nawaambieni! Alivuka magogo yale kama anavuka mkeka. Akaruka makorongo, akapenya katikati ya kundi la ng'ombe pembe zikimpuliza masikioni, akateremka kilima mikono hewani. Nyumbani ndugu zake walikuwa wametundika kanga mpya mlangoni kumpokea mke wao, nayo ilipepea kama ile bendera ya dhahabu. Kadogosa akaigusa. Shangazi yake akaanza kigelegele, akakikata katikati.

"Weee Kadogosa! Huyo mke umemtia mfukoni?"

Akageuka. Mto wa keria ulikuwa bado umebonyea mahali alipokaa mtu. Kidole gumba chake kikabonyeza usukani, kikabonyeza tena, kinatafuta kitufe.

Alirudi akiikokota baiskeli. Hakujua alipomwangushia. Ikabidi achungulie kila korongo na kila jaruba, na kila alipoona nguo ndani ya maji, akiinama anakuta ni wingu. Mashimo ya mchezo yakawa makorongo ya kweli. Ng'ombe walimtazama, hawakumpisha.

Alimkuta Nyamizi penye magogo, upande wa kwa baba yake, amekaa, bunda magotini, miguu majini. Hakuwa na jeraha. Alimtazama mumewe muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali.

"Walipokuuliza," akasema, "uliwaambia nimebaki wapi?"

Kadogosa akafungua mdomo, akafumba, kama samaki. Akailaza baiskeli chini, akaingia mferejini na viatu vyake, maji yakamfika kifuani, akasimama chini ya magogo na mkono juu, asijue kama utashikwa.

Nyamizi hakuushika. Lakini aliinuka, akavuka magogo kwa miguu kama alivyotaka tangu mwanzo, taratibu, na ule mkono ukamfuata chini yake hatua kwa hatua. Alipofika ng'ambo, akafunga bunda kwenye keria, akatangulia.

Waliingia nyumbani jua limezama, wote matope. Kanga ilikuwa imeshaanuliwa, na shangazi ameshakwenda zake. Hakuna tarumbeta iliyolia, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Kadogosa kufika.

Nawe unayemcheka: siku ile safari yako ilipokuwa nyepesi ghafla, ukajisifu, je, uligeuka kutazama nyuma?